Niambie Ninavyolala

Almaty, 9 Juni

Shemeji Bakas,

Bahasha hii ina barua mbili. Ile iliyokunjwa mara nne ni ya dada yako. Mpelekee kule malishoni siku utakayopanda na lori kuchukua maziwa. Hii ni yako peke yako. Isome ukiwa ndani ya lori, kisha itie moto. Usiifungie nyama kama ulivyofanya na barua yangu ya mwaka jana, mpaka wateja wako wa Kochkor wote wakajua kwamba nina bawasiri.

Usihangaike kunipigia simu. Simu yangu ilidondokea kwenye ndoo ya plasta mwezi wa nne, na plasta ya huku haina mchezo. Nimeiacha ndani ya ukuta wa ghorofa ya saba. Huyo atakayenunua nyumba ile amepata simu bure.

Sasa sikiliza. Moyo wangu ni mgonjwa. Ulianza wakati wa theluji. Hauendi mbio kama wa mtu aliyepanda ngazi, unatapatapa, kama ndege aliyeingia hemani akakosa tundu la moshi. Mara ya kwanza nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikangoja upite, ukapita. Mara ya tatu nilianguka na mwiko mkononi. Msimamizi wetu, mtu mkali lakini si mbaya, alinitia ndani ya gari lake nikiwa na matope yote yale, akanipeleka hospitali.

Wamenipima wiki nzima. Wanasema dawa peke yake haitoshi. Watapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, na ncha yake itaunguza vijisehemu vinavyoleta fujo. Mimi nimekaa na mafundi umeme miaka mingi, nimewaelewa. Ni kama kutafuta waya unaopiga shoti bila kuubomoa ukuta.

Waya hauniogopeshi. Kinachoniogopesha ni usingizi. Kuna daktari wa usingizi, mama mmoja wa Kikazaki anaitwa Raushan, umri wa shangazi yangu, anaongea polepole. Akaniambia njia ni mbili. Ya kwanza ni usingizi mwepesi: dawa inapita mkononi, unasinzia, lakini unavuta pumzi mwenyewe. Ya pili ni nusu kaputi yenyewe: unazimwa kama taa, wanakupitishia mpira kooni, na mashine inapumua badala yako. Watu wanapona kwa njia zote mbili, akasema, lakini si kila njia inamfaa kila mtu.

Nikamwambia mara moja, mimi nipe ile nyepesi. Wewe unajua kwa nini. Nusu kaputi inakula miaka mitano ya mtu, kila mtu kwetu anajua hilo. Na Baba Mdogo Kalyk, si tulimwona? Alilala kwa ajili ya figo, akaamka akamuuliza binti yake mwenyewe, wewe mtoto ni wa nani. Daktari akacheka, akasema miaka mitano hailiwi na mtu yeyote. Sikubishana naye. Daktari naye ana haki ya kusifia bidhaa yake.

Halafu akaacha kucheka. Akaniangalia shingo, akaniuliza, ukilala unakoroma? Pumzi yako hukatika? Nikamwambia, daktari, mimi nitajuaje, nikilala mimi sipo. Akasema kuna watu ambao koo lao hujifunga wakilala. Mtu wa hivyo akipewa usingizi mwepesi, pumzi inakwama, kisha kifua kinaruka kama gari bovu, na wakati huo waya umo ndani ya moyo. Mtu huyo anaweza kufia pale pale mezani. Kwake ni afadhali azimwe kabisa, mashine ishike zamu. "Muulize anayelala karibu nawe," akaniambia, "uniletee jibu lake."

Anayelala karibu nami ni Ergash, Muuzbeki wa Andijan, fundi wa vigae. Kitanda chake kiko chini ya changu, na yule bwana hanipendi. Sitamuuliza kitu. Ndiyo maana namwandikia dada yako, lakini kwa njia ya mzaha, asishtuke. Wewe usimwambie lolote. Msafiri hapelekewi habari mbaya, na mimi naona hata walio nyumbani hawastahili kupelekewa.

Shemeji yako mwenye shingo nene,
Omurzak


Almaty, 9 Juni

Mama Tynar wangu,

Nakuamkia, wewe na majike wako wote, wenye miguu minne na wenye miwili. Nadhani theluji imekwisha kule juu na unakama farasi mara tano kwa siku, mgongo unauma na hakuna wa kukukanda. Mimi ni mzima. Nina mafua kidogo.

Kazi ni ile ile. Tumefika ghorofa ya tisa. Kutoka pale naona milima ya huku, nayo ni mizuri, lakini ni kama mke wa mtu, unaitazama tu.

Kwenye behewa letu, lile bovu walilotuwekea kando ya ujenzi, tunalala watu kumi na wawili. Kumi ni watu wazuri. Wa kumi na moja ni mimi. Wa kumi na mbili ni Ergash, niliyekutajia wakati ule. Kila nikilala usingizi mtamu, yeye huko chini anapiga teke mbao za kitanda changu. Kila siku ya Mungu, mwaka mmoja na nusu sasa. Nilimuuliza kosa langu nini, akaniambia, "Geuka, ulale ubavu." Basi. Mtu mzima anamfundisha mtu mzima kulala. Nikamwambia mla figili wewe, akaniambia mchunga mbuzi wewe, na tangu hapo tunasalimiana kwa kidevu.

Hapo ndipo nikajiuliza, kwani mimi ninalalaje? Vijana hapa wanabishana, mmoja anasema kila Mkirgizi anakoroma. Niandikie wewe, shahidi wa miaka ishirini na miwili. Nakoroma? Nafanya vituko gani? Andika kwa maneno ya wazi, nitawasomea wenzangu.

Farasi wangu mwekundu hajambo? Usimpe mtu ampande.

Wako,
Omurzak


Malishoni, 15 Juni

Baba Tynar,

Barua yako Bakas ameileta pamoja na chumvi na kiberiti. Nimeisoma mara mbili nje, mara moja ndani. Simu yangu huku bila mtandao ni tochi tu, kwa hiyo usijione umepitwa.

Sisi ni wazima. Majani ni marefu mwaka huu. Tynar ameandika kutoka Bishkek kwamba amefaulu mitihani yote. Mama yako hajambo, anakula, anagomba. Farasi wako mwekundu amenenepa, anang'aa kama kikombe.

Umeuliza unavyolala. Waambie hao vijana kwamba mume wangu hulala kama mwanakondoo aliyeshiba. Hukoromi. Pumzi yako huenda taratibu, mpaka asubuhi. Kama kuna Mkirgizi anayekoroma, basi huyo ni wa bonde lingine.

Funga kifua kwa sababu ya hayo mafua. Na huyo Ergash usigombane naye. Mvumilie.

Mimi wako,
Zuurakan


Almaty, 24 Juni

Shemeji Bakas,

Mungu ampe dada yako umri mrefu. Barua yake nimeipeleka hospitali mimi mwenyewe. Daktari Raushan aliisoma kwa shida kidogo, maana lugha yetu na yao ni ndugu lakini ndugu hawaandikiani sawa. Alipofika kwenye "mwanakondoo aliyeshiba" akatabasamu. Kisha akanitazama shingo tena. Ile shingo imemkaa akilini, sijui kwa nini. Akaniuliza kama mke wangu ni mtu mkweli. Nikamwambia, daktari, huyo mwanamke aliwahi kumwambia mama yangu mzazi kwamba nyama yake ni ngumu.

Basi ameandika kwenye karatasi yake: usingizi mwepesi. Siku ni tarehe 17 Julai. Nitalazwa tarehe 16 mchana. Wanasema kama yote yakienda vizuri, baada ya siku chache nitatembea, na baada ya wiki kadhaa nitashika mwiko tena.

Nimefurahi mpaka nimemsalimia Ergash kwa mdomo. Alishangaa akaangusha kijiko.

Kama likitokea la kutokea, mpeleke mama yangu Naryn kwa mganga wa meno, amekuwa akiniomba tangu masika. Na farasi mwekundu awe wa Tynar.

Omurzak


Kochkor, 12 Julai

Shemeji,

Nimeshindwa. Nilifunga mdomo kama ulivyoniambia, na kufunga huko ndiko kuliniponza. Nilipofika malishoni jana, nilikunywa bakuli mbili za maziwa ya farasi bila kukusengenya hata mara moja. Dada akaweka chini ndoo. Akasema, "Bakas, mume wangu ana nini?" Nikasema hana kitu. Akasema, "Bakuli mbili nzima hujamwita mvivu. Ana nini?"

Nilimwambia yote. Nilipofika kwenye maneno ya daktari kuhusu pumzi, alikaa kwenye nyasi, akaniomba karatasi. Sikuwa nayo. Ameandika nyuma ya risiti zangu za mafuta, usishangae.

Nilitaka nikimbie mjini nimpigie simu msimamizi wenu, dada akakataa. Anasema tukiongea kwa simu mimi nitacheka, wewe utacheka, mwishowe itakuwa hadithi ya kuchekesha. Anataka daktari aione kwa maandishi. Nimempa barua dereva wa basi la Almaty, nimemwapisha kwa mkate kwamba ataifikisha kwenye behewa lenu.

Bakas


Malishoni, 11 Julai

Baba Tynar,

Kwanza usinikasirikie, halafu unikasirikie ukipona.

Nilikudanganya. Nilidhani unaniuliza kwa mzaha, nikajibu kama anavyojibiwa mtu aliye safarini. Unajua desturi ya nyumba yenu kuliko mimi. Babu yako alipokufa wewe ulikuwa jeshini, na hakuna aliyekuandikia. Ulirudi, wazee wakakuketisha, wakakushika mabega, ndipo wakakwambia. Mama yako alinifundisha hivyo nilipoingia hapa kama bibi harusi: aliye mbali mpelekee mazuri tu, mabaya yatamngoja mlangoni. Nimeishika desturi hiyo, na kwa desturi hiyo nilitaka kukuua.

Sasa naandika ukweli, na daktari ausome.

Daktari, huyu mtu anakoroma. Anakoroma kama lori la ndugu yangu likipanda mlima. Lakini kukoroma si neno. Neno ni kwamba anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kimya chenyewe si cha mtu aliyelala, ni cha mtu aliyezama majini. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilidhani nimekuwa mjane nikiwa na miaka ishirini. Nilimwendea mama mkwe nikilia. Akaniambia baba wa huyu mtu alikuwa vivyo hivyo, lala upande wake wa kulia, na usimwambie, mwanamume akijua hivyo ataogopa kulala. Basi nalala upande wake wa kulia. Kikianza kile kimya nahesabu. Nikifika kumi na tano bado hajavuta pumzi, nampiga kwa kisigino cha mguu wa kushoto, kiunoni, kwa nguvu ya wastani. Anageuka, anavuta pumzi kama farasi anayetoka mtoni, analala tena. Siku nyingine mara kumi, siku nyingine sihesabu. Hajui. Asubuhi hulalamika kwamba kiuno kinamuuma, akisema ni kazi.

Baba Tynar, ni mimi huyo. Kiuno chako cha miaka ishirini na miwili ni mimi.

Ulipokwenda Almaty nilijipa moyo, labda uchovu umekutengeneza. Halafu ukaniandikia kuhusu huyo Muuzbeki anayepiga teke mbao na kukwambia ulale ubavu. Nilicheka peke yangu hemani, kisha nikafunika uso. Ile zamu yangu kumbe imepata mtu. Muulize kwa nini anapiga.

Najua unaiogopa nusu kaputi. Najua habari za Kalyk. Kalyk alikuwa akisahau jina la binti yake hata kabla ya figo, alikuwa na mabinti saba. Kama mashine inajua kupumua, iachie mashine ipumue. Nimekulinda kwa mguu huu miaka yote hiyo. Mguu wangu haufiki Almaty.

Na kwa kuwa desturi nimeshaivunja, niivunje yote. Farasi wako mwekundu alikufa mwezi wa tatu. Alikula, akanywa, akalala chini, hakuteseka. Nimekuwekea kipande cha mkia wake. Nisamehe.

Zuurakan


Almaty, 22 Julai

Zuurakan wangu,

Naandika nimekaa, kwa mkono wangu, na ninajua wewe mtoto ni wa nani. Hilo la kwanza.

Barua yako ilikuja tarehe 16 jioni, mimi nimeshalazwa. Aliyeileta ni Ergash. Dereva wa basi aliifikisha kwenye behewa kama alivyoapa, na Ergash alipoona imeandikwa juu ya risiti za mafuta alijua ni ya haraka, mtu hamwandikii mwenzake juu ya risiti kwa salamu. Akaoga, akavaa kofia yake nzuri, akapanda mabasi mawili. Akakaa kwenye kiti kando ya kitanda changu, ameshika pichi tatu ndani ya leso.

Nikasoma. Nitakwambia nilivyofanya, maana kama ukweli umeanza basi uendelee. Niliikunja barua yako ndogo ndogo nikaitia ndani ya soksi. Ergash akauliza, nyumbani wazima? Nikasema wazima. Niliwaza hivi: karatasi ya daktari imeshaandikwa usingizi mwepesi, kesho asubuhi jambo linakwisha, mwanamke ana hofu tu. Nilikuwa namwona Kalyk. Nilikuwa naona ule mpira wa kooni. Nilisema moyoni, afadhali nife nikijua mimi ni nani kuliko niamke nisijue.

Daktari Raushan akaingia, mara ya mwisho kabla ya kesho. Akauliza maswali yale yale, meno ya bandia, mzio, mara ya mwisho kula. Akafika kwenye usingizi. Akasema, "Mwanakondoo?" Nikasema ndiyo. Akageuka aende.

Na mimi nikahisi ile karatasi ndani ya soksi, upande wa kisigino. Kisigino, Zuurakan. Nikakuona umelala upande wangu wa kulia, macho wazi, unahesabu, umechoka, umekama farasi siku nzima, na unahesabu. Miaka ishirini na miwili mtu hajalala kwa ajili yangu, na mimi nashindwa kulala siku moja kwa ajili yake.

Nikamwita daktari. Nikavua soksi mbele yake, akadhani nina kidonda. Nikampa barua.

Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaivuta meza akakaa juu yake kama mtu wa nyumbani, akaisoma tena. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Huyu Ergash ni nani?"

Ergash akavua kofia. Akasema ni yeye. Daktari akamsomea kile kipande cha kimya na cha kuhesabu, akamuuliza kama amewahi kuona hayo. Ergash akanitazama mimi, si daktari.

"Wewe ulidhani napiga teke kwa nini?" akasema.

Nilimwambia nilidhani ananichukia.

"Nakuchukia, ndiyo," akasema. "Lakini sitaki maiti juu ya kichwa changu. Nahesabu mpaka ishirini, nakupiga. Nilikwambia siku ya kwanza, lala ubavu. Ukaniita mla figili."

Daktari alicheka mpaka akafuta miwani. Halafu akachana karatasi ya zamani mbele yetu akaandika mpya: kuzimwa kabisa, mpira kooni, mashine. Akanieleza upya, polepole, na safari hii nilisikiliza. Akasema alikuwa na wasiwasi tangu siku ya kwanza kwa sababu ya shingo, na kwamba bila barua yako angeanza na nyepesi, na kama pumzi ingekwama katikati ya kazi wangelazimika kunipitishia mpira kwa haraka, huku waya ukiwa ndani. Alisema inawezekana kufanya hivyo. Kisha akasema, "Mke wako anahesabu mpaka kumi na tano. Mimi nitahesabu kila pumzi. Inatosha?" Nikasema inatosha. Nikaweka sahihi.

Ergash alikula pichi mbili, akaniachia moja, kumbe siku hiyo sikutakiwa kula kitu tena. Akaila na hiyo.

Kesho yake walinilaza chini ya taa. Daktari Raushan aliniambia nitaje majina ya farasi wetu. Nilitaja wawili. Wa tatu sikufika.

Niliamka koo linawasha kama nimemeza mchanga. Jambo la kwanza, nikajipima kichwa. Nikataja jina lako, Tynar, mama, Bakas mvivu, mto wetu. Nikaanza farasi, mmoja mmoja, nikafika kwa mwekundu, nikakumbuka kwamba amekufa. Nikalia pale kitandani, na muuguzi akadhani naumwa. Nikamwambia hapana, kichwa changu ni kizima.

Walifanya kazi kwa muda wa saa tatu. Moyo unakwenda sasa kama mtu anayetembea na shughuli zake. Wamesema tuungoje miezi mitatu ndipo tuseme umepona, na dawa bado nakunywa. Kuhusu miaka mitano, nimefikiri, na nimeona kwamba kama imeliwa, basi imeliwa ile ya kupiga plasta, na hiyo waile tu.

Lakini ugonjwa wa kukoroma uko pale pale. Daktari anasema huenda huo ndio uliouchosha moyo muda wote huu. Vuli ikija watanipima usingizi, labda nipate kifaa cha kuvaa puani. Mpaka hapo nilale ubavu, na mtu awe karibu. Nimerudi kwenye behewa. Jana Ergash alikishusha kitanda changu, kiko sambamba na chake sasa. Anasema mbao zinamuumiza kisigino.

Nimesamehe habari ya farasi. Wewe nisamehe ya mafua.

Nitakuja tarehe za mwanzo za mwezi wa tisa. Ukiwa na baya lingine, liweke hapo mlangoni, nitalikuta.

Wako anayevuta pumzi,
Omurzak


Malishoni, 31 Julai

Kwa kaka yangu Ergash wa Andijan,

Hunijui, lakini kazi yangu unaijua. Mume wangu atakusomea barua hii, na asiruke neno.

Bakas analeta mfuko. Ndani yake kuna soksi za sufu nilizofuma mwenyewe. Ni tatu. Mbili ni za kuvaa, kama watu wote. Ya tatu ni nene, ina kisigino mara mbili, nayo ni ya mguu unaopigia, sijui wako ni upi. Kuna pia mtindi uliokaushwa, ule ulio mgumu ni wako wewe, ulio laini ni wake, meno yake si mazuri.

Nakupa na maarifa yangu, umefanya mwaka na nusu bila mwalimu. Usipige mbavuni, ataamka na maneno. Piga kiunoni. Usingoje ishirini, kumi na tano inatosha. Akinywa chai nyingi jioni, ana afadhali. Akila nyama ya mafuta usilale kabisa, kaa tu. Na akikuita mla figili mpige hata kama anapumua.

Mume wangu anasema unamchukia. Nami kuna miaka nilimchukia hivyo hivyo, hasa karibu na alfajiri, na bado nikahesabu.

Tangu aondoke sijazoea. Hapa hemani hakuna anayekoroma, na mimi naamka saa zile zile. Nanyoosha mguu wa kushoto, nakuta godoro baridi. Nilikuwa nikilala tena kwa shida. Siku hizi nasema, yuko Ergash, nafumba macho.

Mwezi wa tisa anarudi, nami nitapokea zamu yangu. Mpaka siku hiyo mguu ni wako. Akishapanda basi, kaka, wewe nenda ukalale.

Dada yako,
Zuurakan